Sura ya Mpingo Ndani ya Gurudumu

Baba alipopunguzwa kazi bandarini alilala siku kadhaa, na mama akamwacha alale. Alikuwa ameamka alfajiri kwa miaka mingi, kwa hiyo sote tuliona ni haki yake. Kilichotutisha ni alipoamka, kwa sababu aliamka akiwa kimya.

Tulikuwa tunakaa Rahaleo, kwenye nyumba ya bati yenye kibaraza kipana, na hapo kibarazani ndipo nilipokuwa nimeweka cherehani yangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimeshajifunza ushonaji, nina wateja wangu wa magauni na sare za shule. Mama alikuwa mhudumu wa hospitali, anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Basi mimi ndiye niliyekuwa nikimwona baba mchana kutwa. Alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, aliyekuja Mtwara akiwa kijana kuendesha na kutengeneza mitambo ya kunyanyulia mizigo, akamwoa mama, Mmakonde wa Newala, akasahau kurudi kwao. Zamani akitoka kazini tulikuwa tunajua habari za kila meli kabla hajavua viatu. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na cherehani yangu, akitazama njia. Watu wakimsalimia aliitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, mama aliniita chumbani huku anafunga vifungo vya sare yake.

"Leo unakwenda wapi?"

"Mtawanya. Napeleka sare."

"Nenda naye. Mwambie mzigo ni mzito."

Mzigo haukuwa mzito hata kidogo. Baba aliubeba kwa mkono mmoja njia nzima na hakuuliza kitu. Mteja wangu alikuwa mjane mmoja mcheshi, mwenye wajukuu wengi na kuku wengi kuliko wajukuu. Nilipokuwa ndani nikiwapima watoto sare zao, nilisikia kuku wakipiga kelele nyuma ya nyumba. Nilitoka nikakuta baba ameinama kwenye rundo la makuti makavu, amelifunua, na kuku mmoja mwekundu anamfokea kwa hasira.

Chini ya makuti kulikuwa na pikipiki. Lakini haikuwa pikipiki niliyoizoea. Ilikuwa na matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, manene na mafupi kama maboga. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka. Juu ya kiti kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mayai manne.

"Ni la mradi," mjane akasema. "Zamani walikuja wageni, mradi wa kilimo, wakapita nalo kwenye mchanga na matope huko bondeni. Mradi ulipoisha wakaliuza. Marehemu mume wangu akaja nalo hapa. Sasa ni nyumba ya kuku huyo."

Baba alikuwa bado ameinama. Alivuta ile kamba ya kuwashia, ikatoka yote ikabaki mkononi mwake, maana ilikuwa imekatika siku nyingi. Akaitazama ile kamba, kisha akasema sentensi yake ya kwanza ndefu kwa wiki nyingi.

"Mama, ukiniachia hii, nitamjengea kuku wako nyumba nyingine."

"Kwa huyu kuku? Ujenge kweli. Huyu hakai popote."

Alijenga. Alikwenda Mtawanya kila siku wiki ile, na banda alilojenga lilikuwa imara kiasi kwamba jirani mmoja aliuliza kama ni la kupangisha. Kuku mwekundu alikaa siku moja nje akilikagua, kisha akaingia. Kesho yake baba aliileta pikipiki nyumbani juu ya mkokoteni wa kukodi, na mama alipotoka kazini aliikuta katikati ya ua, chini ya kamba yake ya kuanikia nguo.

"Hili dude litakwenda?" akaniuliza mimi.

"Sijui."

"Hata lisipokwenda," akasema taratibu, "mwache."

Baba alikuwa fundi wa mitambo mikubwa. Alizoea kazi inayofanyika kwa utaratibu: kifaa kikiharibika, unaagiza kingine kama kile, unasubiri, unafunga. Kwa hiyo alipoanza kuifungua ile pikipiki alikasirika. Alitandika gunia chini, akapanga spana zake kwa ukubwa, na kila alichokitoa alikiweka juu ya gunia akitikisa kichwa.

Cheni ilikuwa imeungwa kwa msumari wa inchi tatu uliokunjwa pande zote mbili. Mahali pa kukanyagia mguu wa kulia palikuwa na kipande cha mchi wa kutwangia, kimefungwa kwa waya. Taa ya mbele ilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake tochi ya mkononi, nzima nzima, pamoja na swichi yake. Ukitaka kuwasha taa ilibidi usimame, ushuke, uzunguke mbele. Chujio la hewa lilikuwa sponji ya godoro iliyovalishwa soksi ya shule, nyeupe yenye mistari ya buluu.

"Soksi," baba akasema, ameishika kwa vidole viwili. "Mtu alikaa akafikiri, akavua soksi."

"Au alimvua mtoto," nikasema kutoka kwenye cherehani.

Hakucheka. Akaendelea kufungua.

Kiti nilikifumua mimi, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kilikuwa kimefunikwa kwa gunia la korosho, na ndani kulikuwa na sufi, vipande vya malapa na manyoya ya kuku. Lakini nilipogeuza mshono nilishangaa. Ulikuwa mshono wa sindano ya gunia, uzi wa katani, lakini hatua zake zilikuwa sawasawa kama za mashine, na pembeni aliyeshona alikuwa amekunja gunia mara mbili ili lisichanike. Nilimwonyesha baba. Akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu," akasema, "hakuwa mvivu."

Tairi la nyuma la kushoto lilitupa kazi. Lilionekana zima, ila lilikuwa zito na halikuwa na hewa. Baba alipolibandua kutoka kwenye ringi yalimwagika majani makavu ya mpunga, yaliyoshindiliwa kama godoro, na panya mmoja na familia yake wakakimbia kuelekea jikoni kwa mama. Mama alipiga ukelele. Baadaye alikuja amesimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Kuku tumemjengea," akasema. "Na panya naye ataomba kiwanja?"

Nilimwona baba akiuma mdomo. Nilidhani amekasirika. Sasa najua alikuwa anajizuia.

Jumamosi alasiri ndipo alipofikia ekseli ya nyuma. Ekseli ni ule mtaimbo unaobeba magurudumu mawili, nao hukaa ndani ya beringi mbili za chuma, moja kila upande, ili uzunguke bila kukwama. Baba alikuwa amekwisha kuniambia kwamba beringi hizo ndizo zitakazokuwa shida, kwa sababu hazipatikani Mtwara. Alifungua upande wa kulia, akaingiza kidole. Akaingiza tena. Kisha akagonga kwa nyundo polepole, na kitu kikatoka, kikaanguka kiganjani mwake.

Hakikuwa chuma. Kilikuwa pete nene ya mti mweusi, laini, inayong'aa kwa mafuta, na ilikuwa imekaa pale sawasawa kama imezaliwa humo. Ilikuwa mpingo. Aliifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Upande wa ndani, ule unaotazama gizani, mahali ambapo hakuna mtu angepaona mpaka aivunje pikipiki nzima, kulikuwa na sura ya mtu. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Ilikuwa na macho yaliyotoka, mashavu yaliyojaa upepo, na mdomo uliokunjwa kama wa mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Kuna mtu humu ndani," baba akasema.

Niliacha cherehani nikaja kutazama. Sura ikatutazama.

"Kuna mtu humu," akarudia, na sauti ikamkatika, na akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, kisha akakaa chini kabisa, juu ya spana zake, machozi yanamtoka, kile kipande cha mpingo amekishika mbele ya uso wake. Kila alipotaka kuacha alikiangalia tena. Nami nikacheka, kwanza kwa sababu ya ile sura, halafu kwa sababu yake.

Mama alitoka jikoni na mwiko. Hakuuliza kuna nini. Hakumtazama hata baba. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa. Kisha akarudi ndani, na jioni ile tulikula kuku.

Baada ya hapo hasira za baba ziliisha. Aliendelea kutafuta vioja kwa hamu, na alipokipata kimoja aliniita. "Njoo uone huyu alivyofanya." Kwenye tanki la mafuta aliona tundu lililozibwa kwa bonge la sabuni ya mche na kitambaa, limekuwa gumu kama jiwe. Mjane wa Mtawanya alipokuja kibarazani kupima gauni, baba alimwonyesha bonge lile. Yule mama alilichukua, akalinusa, akakaa kwenye kiti.

"Huyu ni mume wangu," akasema.

Tukadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Petroli haiyeyushi sabuni, ndivyo alivyokuwa akisema. Alitembea na mche mfukoni kama mwalimu anavyotembea na kalamu. Vipande vilivyobaki ndivyo nilivyofulia nguo. Watu walikuwa wananiambia, wewe mama unanukia kituo cha mafuta." Alicheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Na hii soksi ni ya mjukuu wangu. Tuliitafuta mwaka mzima."

"Na mpingo?" baba akauliza. "Alichonga yeye?"

"Ah, yeye kuchonga hata mwiko hakuweza. Hayo ya mti ni ya yule aliyemuuzia. Mchongaji mmoja, mtu mzima, yuko Mahurunga."

Baba alikuwa na sababu ya kumtafuta huyo mchongaji. Pete ya upande wa kulia, yenye sura, ilikuwa nzima, lakini ya kushoto ilikuwa imelika upande mmoja, na gurudumu lilikuwa linayumba. Hata hivyo kwanza alitaka kuona kama injini itawaka. Alitafuta mpira wa ndani mjini, akaunga kamba mpya, akasafisha kabureta, akaivuta. Iliwaka mara ya nne au ya tano, kwa kikohozi na moshi uliofunika nguo za jirani.

Sasa, kuna jambo moja hatukuwa tumelielewa. Kwenye usukani, mkono wa kulia, mahali ambapo pikipiki za aina ile huwa na kidude cha kusukuma kwa kidole gumba ili kuongeza mafuta, mtu alikuwa amefunga mkono wa breki wa baiskeli. Baba alijua kwamba ule mkono ndio mafuta. Aliujua kwa kichwa. Lakini mkono wa mtu aliyeendesha baiskeli tangu utotoni una akili zake.

Alizunguka ua mara moja, amekaa wima, anatabasamu. Alipokaribia uzio wa makuti wa jirani alitaka kusimama. Akabana breki. Pikipiki ikaruka mbele. Akashtuka, akabana zaidi. Pikipiki ikapiga kelele, ikapita kwenye uzio, ikaingia kwenye bafu la makuti la jirani, ikatokea upande wa pili na ndoo, na kuzimika kwenye shina la mpapai. Mungu alisaidia hakukuwa na mtu anayeoga.

Baba alisimama katikati ya makuti, ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mjinga aliyefanya hivi," akapaza sauti, "ningempata leo!"

Alitumia siku mbili kujenga bafu upya. Jirani alilipenda, lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Tulikwenda Mahurunga wiki iliyofuata, mimi na yeye, asubuhi, nimekaa nyuma na mkoba wangu mapajani. Nilikuwa na sketi za kupeleka kwa mteja njiani, kwa hiyo mkoba ulikuwa na vitambaa, mikasi na lastiki. Tuliondoka mjini taratibu, baba akijisemea kila alipotaka kusimama: "Mguu, mguu, breki ni mguu." Watoto walitukimbilia pande zote. Lami ilipoisha na mchanga kuanza, kila mtu aliyekuwa na baiskeli alishuka akasukuma, na sisi tukapita juu ya mchanga kama hakuna kitu. Baba aligeuka akanitazama. Uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo.

Tulipoanza kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, ambako mikorosho inaisha na mashamba ya mpunga yanaanza, injini ikaanza kulia kama mbuzi, kisha ikazima. Baba alishuka akakagua. Bomba la mpira linalounganisha kabureta na injini lilikuwa limepasuka, na hewa ilikuwa inaingia ovyo.

"Hapa basi," akasema. "Hii lazima iagizwe. Hii haitengenezwi."

Hakukuwa na nyumba karibu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alizunguka pikipiki, akasimama, akaizunguka tena. Nilifungua mkoba nikatoa lastiki ya viuno vya sketi, ile pana, na kipande cha bitana ya plastiki niliyokuwa nashonea mifuko.

"Hapana," baba akasema.

"Unataka turudi kwa miguu?"

Akachutama, akashika bomba, na mimi nikazungusha plastiki, halafu lastiki juu yake, nikaivuta kwa nguvu kila mzunguko kama ninavyokaza kiuno cha sketi ya mama mnene, nikamalizia kwa kuishona kwa sindano pale pale, mishono mitatu, ili isifumuke. Baba akavuta kamba. Injini ikawaka, ikalia vizuri.

Tulisimama tukisikiliza.

"Usimwambie mama yako," akasema.

"Nitamwambia."

"Basi mwambie niliishika mimi."

Mchongaji tulimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye mkeka katikati ya vumbi la mti. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kuswalia kichwani, miguu amenyoosha. Aliposikia ule mlio aliinua kichwa, na hakututazama sisi. Alisimama akaja moja kwa moja kwenye pikipiki, akaweka kiganja juu ya tanki, akainamisha sikio.

"Bado anakohoa," akasema. "Karibuni."

"Shikamoo mzee," baba akasema.

"Marahaba."

Akampa baba mkono wa kulia. Nilikuwa nyuma, kwa hiyo niliona mgongo wa baba ukikakamaa. Nami nilipoinama kumpa mkono yule babu ndipo nilipohisi. Hakuwa na kidole gumba. Palikuwa na kovu la zamani, laini, na vidole vinne vyenye nguvu.

"Tezo ya kuchongea," akasema, kwa sababu bila shaka kila mtu huuliza kwa macho. "Nilikuwa kijana, nina haraka. Tangu hapo sina haraka."

Baba alikuwa bado ameuangalia ule mkono. Kisha akauangalia usukani, ule mkono wa breki wa baiskeli unaobanwa kwa vidole vinne. Nilimwona anavyolielewa jambo lile polepole.

"Mzee," akasema, "nilikutukana. Mbele za watu. Nilisema aliyefunga kitu hiki ni mjinga."

"Ulikwenda nalo wapi?"

"Bafuni kwa jirani."

Mzee aliketi chini kwa kucheka. Alimwita mkewe kwa Kimakonde, na mimi, kwa Kimakonde changu kidogo cha mama, nilisikia anavyomwambia, huyu amekwenda kuoga na pikipiki. Mkewe alitoka na maji ya kunywa, mabega yanamtetemeka.

"Wewe afadhali," mzee akamwambia baba. "Kuna mtu mmoja wa mradi alikuja kuijaribu baada ya mimi kuinunua. Nikamwambia, usibane. Akasema anajua. Tulimtoa mpungani, yeye na miwani yake." Akapangusa macho. "Waliiuza imekufa. Vipuri niliwaomba, bosi wao akasema huwezi kuiendesha hata hivyo, huna dole gumba. Basi nikaona nifanye kwa vile nilivyo navyo. Magogo ya mpingo nilikuwa nayatoa mbali, huko kwenye vichaka, na kichwa changu kilikuwa kimechoka kubeba."

Baba alitoa mfukoni ile pete yenye sura, iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameitoa kwenye ekseli makusudi na kuweka gome la mti mahali pake kwa safari ile, jambo ambalo aliniambia pale pale, nami nikashika kichwa. Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

"Na huyu ni nani?" baba akauliza.

"Huyu? Ndiye yule bosi. Nilisema, hata kama hutaki nitembee, utazunguka nami kila ninapokwenda." Akaitazama kwa upendo kabisa. "Amenifikisha pengi. Sina neno naye tena."

Tulipewa wali wa mpunga mpya na kisamvu kilichotiwa nazi. Baba aliyekuwa haongei alieleza mambo ya meli na mitambo mpaka mzee akasahau kula. Baada ya chakula mzee aliswali, kisha akaingia ndani akatoka na kikapu, akapekua chini yake, akatoa pete nyingine ya mpingo, kavu, isiyo na mafuta. Zamani alikuwa amechonga tatu, akaweka moja ya akiba. Hii haikuwa na sura. Aliipima kwenye ekseli kwa vidole, akaisugua kwa msasa, akaipima tena. Iliingia.

"Nimweke nani?" akauliza, patasi ndogo ikiwa tayari mkononi.

Nilijua baba ana watu wa kuwataja. Kulikuwa na mtu aliyewakusanya wafanyakazi bandarini asubuhi ile ya kupunguzwa na kuwasomea majina bila kuinua macho. Baba alikuwa ametuambia habari zake mara moja tu, halafu hakuzirudia. Nilimsubiri amtaje. Alitazama mashamba ya mpunga kule chini, ambako wanawake walikuwa wanabeba magunia kichwani mmoja mmoja kupanda mlima.

"Niweke mimi," akasema.

Mzee alimwangalia, hakumuuliza sababu. Alimgeuza kidevu kidogo upande wa mwanga, kama daktari, akaanza. Hakuchukua muda mrefu. Alipomaliza alinipa mimi kwanza. Alikuwa baba kabisa: paji pana, masikio yaliyosimama, na pua ambayo ilichukua nusu ya nafasi yote. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti na baba wa miezi ile. Mdomo ulikuwa wazi, katikati ya maneno.

Ilipakwa mafuta, ikafungwa upande wa kushoto, na bosi akarudishwa upande wa kulia. Baba aliondoa gome lake la mti akalitupa kichakani haraka kabla mzee hajaliona. Mzee aliliona.

Tulikuwa tunajiandaa kurudi wakati mmoja wa wale wanawake alipofika juu ya mlima, akatua gunia lake, akasimama mbele ya baba akihema.

"Hii inabeba magunia mangapi?"

Baba akaangalia pikipiki, akaangalia mlima. "Sijajaribu."

"Jaribu," yule mama akasema.

Hatukurudi mjini mpaka jua lilipoanza kulala. Baba alishuka bondeni na kupanda, akashuka na kupanda, amefunga magunia mawili nyuma na moja mbele, na mzee mchongaji amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake akimwelekeza kwa sauti wapi mchanga ni mgumu na wapi umelegea. Ilipozima njiani, na ilizima mara kadhaa, hakutukana mtu. Mara moja nilimwona akikata kamba ya gunia kwa meno ili afungie kilicholegea.

Alirudi Mahurunga juma lile, na juma lililofuata, mpaka mavuno yalipokwisha. Kidole gumba chake kilikuwa kizima, lakini ule mkono wa breki hakuuondoa kamwe, kwa sababu siku nyingine mzee alitaka kuendesha mwenyewe. Mama alipopanda kwa mara ya kwanza kwenda kumsalimia yule mzee na mkewe, aliomba kwanza aonyeshwe ile sura. Baba akafungua gurudumu zima mbele ya ua, kwa ajili yake tu. Mama akaitazama kwa muda.

"Pua amekupunguzia," akasema, akafunga kilemba chake vizuri, akapanda.

Miaka ya elfu mbili ilipoendelea, bajaji zikaja Mtwara, na vijana wa pikipiki wakajaa kila kona. Wakati huo baba alikuwa na kibanda chake cha mabati karibu na barabara ya Mtawanya, anatengeneza pampu za maji na injini za mashine za kukoboa. Watu wa bondeni ndio waliomwanzishia kazi hiyo. Mashine yao ya kukoboa mpunga ilikuwa imekufa msimu mzima, na wakamwomba akaitazame. Aliaga kwamba anakwenda kwa siku moja, akakaa huko karibu wiki, analala kwa mchongaji, na kila aliyetoka Mahurunga alituletea salamu kwamba baba yuko salama, ameifungua mashine yote, ameitandaza kwenye turubai, na anaongea sana. Siku aliyorudi alikuwa mweusi wa jua, amekonda, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Mama alimwekea maji ya kuoga na chakula. Maji yalipoa, na chakula kikapoa, na yeye bado amesimama mlangoni anatueleza jinsi mashine ilivyowaka.